NYUMBA YAKO IKO WAPI? Namna Mahali Panavyogeuza Bei ya Kurekebisha Nyumba



Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa Ziwa la Ng'ombe methali hii hatukuisoma vitabuni tu. Kila mwaka mvua za masika zinaanza mwezi wa nne na kuzidi mwezi wa tano, nasi tunaiona kwa macho. Tundu dogo la msumari kwenye bati likiachwa, mbao zinaoza. Mbao zikioza, maji yanashuka ukutani. Na kama ukuta ni wa udongo, chumba kizima chaweza kulala chini usiku mmoja na watoto wakiwa ndani.

Kwa hivyo kurekebisha nyumba si anasa. Lakini katika mikutano ya vikundi kuna swali linalorudi mara kwa mara: mbona kazi ni ile ile, bati ni lile lile, na kila mtu analipa bei yake? Mwingine husema fundi ni mwizi. Mwingine husema duka ndilo linalopunja. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu kubwa ni mahali nyumba ilipo. Katika makala haya tutaivunja bei hiyo vipande vipande, ili kila kikundi kione ni kipande gani kinaweza kupunguzwa na kipi hakipunguzwi.

MAMA NA FUNDI WAKE

Hebu tumfikirie mama mmoja wa mtaa wetu. Ana nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Viwili amepangisha, na kodi yake ndiyo karo ya watoto. Mchana anafua nguo katika nyumba moja kule Nyali. Siku moja anamkuta huko fundi jirani yake akitengeneza paa, na anasikia bei aliyotajiwa mwenye nyumba. Jioni anamwita.

"Fundi, mbona kule wasema bei nyengine na kwangu nyengine?"

"Mama, kule nangojeshwa getini nusu saa. Nabeba vyombo vyangu vyote, na nikikwaruza rangi ya ukuta nalipishwa. Hapa kwako nakuja na nyundo mkononi."

"Sawa, hapo nimekuelewa mwanangu. Basi mbona hesabu yangu yote imezidi ya yule jirani wa pale barabarani?"

"Hiyo si mimi, mama. Hiyo ni kichochoro."

Maneno haya mawili ya fundi yana somo kubwa. La kwanza, bei ya mikono hufuata mtaa: Nyali inalipa zaidi kuliko Ziwa la Ng'ombe, ingawa ni majirani na fundi ni yule yule. La pili, bei ya vitu na ya kubeba yaweza kugeuka kinyume: aliye ndani ya kichochoro, ambaye mara nyingi ndiye maskini zaidi, analipa zaidi ya aliye kando ya lami.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Kule Marekani kuna vitabu vya bei za ujenzi vinavyochapishwa kila mwaka, na ndani yake kila mji hupewa namba yake. Wastani wa nchi nzima ni 100. Mji kama New York huwa juu sana ya 100, na miji mingi midogo ya kusini huwa chini. Fundi wa huko hukadiria kazi, kisha akaizidisha kwa namba ya mji. Sisi hatuna kitabu cha namna hiyo cha kila mtaa. Fundi wetu anayo namba hiyo kichwani mwake. Tukijua imetoka wapi tutaweza kuzungumza naye bila kugombana.

KIPANDE CHA KWANZA: KUBEBA

Tunaishi karibu na viwanda. Kiwanda cha simiti cha Bamburi kiko upande wetu huu wa kaskazini, na kilianza kazi mwaka 1954. Mabati yanatengenezwa Mariakani, kwenye barabara kuu ya Nairobi. Mtu angefikiri basi Kisauni simiti itakuwa rahisi na Changamwe mabati yatakuwa rahisi. Lakini mfuko wa simiti hautoki kiwandani ukaja moja kwa moja mlangoni kwako. Unapita kwa wakala, kwa duka kubwa, kwa hadiwea ya mtaani, halafu kwa mkokoteni. Kila mkono unaopitia unaongeza kidogo. Kuwa karibu na kiwanda hakusaidii kitu kama uko mbali na barabara.

Safari fupi ya mwisho ndiyo yenye gharama. Lori la mchanga linafika kwenye lami au barabara pana, basi. Kutoka hapo ni mkokoteni, na kichochoro kikiwa chembamba zaidi ni wilbaro au karai kichwani. Ndiyo maana wa ndani hununua mchanga kwa wilbaro na kokoto kwa debe. Anayenunua kwa debe hulipa zaidi kwa kipimo kile kile kuliko anayenunua lori zima, kama vile anayenunua sukari ya vijiko anavyolipa zaidi ya mwenye kununua kilo.

Usisahau maji. Simiti haikorogwi bila maji, na nyumba isiyo na mfereji hununua mitungi ya lita 20. Visima vingi vya huku kwetu vina maji ya chumvi, nayo si mazuri kwa zege yenye nondo. Basi mitungi nayo iandikwe kwenye hesabu.

Ndugu zetu wa Likoni wana mzigo wao. Mtu wa miguu anavuka feri bila malipo, lakini gari linalipa kulingana na ukubwa wake. Kwa hivyo fundi anayetoka kisiwani huvuka bure na kupoteza saa zake kwenye foleni, na lori lililobeba vifaa hulipa nauli ambayo mwisho wake ni mfukoni mwa mwenye nyumba. Kwetu sisi afadhali, kwa sababu tuna Daraja la Nyali tangu mwaka 1980.

KIPANDE CHA PILI: FUNDI ATOKA WAPI

Fundi anauza siku yake. Akitumia saa mbili njiani, saa hizo lazima zilipwe na mtu. Fundi wa mtaani hadai nauli, hahitaji kulala na vyombo, na akikosea unajua mlango wake. Fundi wa mbali huongeza nauli, na kwa kazi ndogo kama kuziba tundu moja nauli yaweza kushinda kazi yenyewe.

Kwa sababu hiyo kazi ndogo ndogo ni ghali kuliko zinavyoonekana. Fundi bomba akija kwa mfereji mmoja unaovuja atadai karibu nusu siku, hata kama kazi ni ya robo saa. Dawa yake ni kumkusanyia kazi. Nyumba tatu au nne za kichochoro kimoja zikimwita siku moja, nauli inagawanywa na fundi anaondoka na siku iliyojaa. Anapata yeye, na mnapata nyinyi.

KIPANDE CHA TATU: MACHO YA FUNDI

Tuseme ukweli. Bei nyingine hutokana na geti, gari na rangi ya ukuta. Fundi akiona hivyo anataja bei ya juu. Sehemu ya bei hiyo ni halali: kule wanadai kazi safi zaidi, wanachelewesha malipo, na hasara ikitokea ni yake. Sehemu nyingine ni kubahatisha tu.

Na macho hayo hayatazami Nyali peke yake. Ukiwa na mtoto aliye ng'ambo, na mtaa mzima unajua, bei yako hupanda. Mjane asiye na mtu wa kumsemea pia hutajiwa bei ya juu, kwa sababu fundi anadhani hataweza kuuliza. Hapa ndipo kikundi kinapokuwa ngao. Mwenye nyumba asikubali bei siku ya kwanza. Aende na wanakikundi wawili, waombe bei kwa mafundi watatu, na kila mmoja ataje mbali mbali: vitu kiasi gani, kubeba kiasi gani, mikono kiasi gani. Anayekataa kutenganisha bei yake ana sababu.

KIPANDE CHA NNE: CHUMVI YA BAHARI

Upepo wa kusi unapovuma, kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka mwezi wa tisa, unachukua chembe za maji ya bahari na kuzileta nchi kavu. Chumvi hiyo ikikaa kwenye bati pamoja na unyevu, bati hupata kutu upesi. Kadiri unavyokaribia ufuko ndivyo bati linavyokula chumvi nyingi. Nyumba za Nyali zilizotazama bahari zinaumia zaidi. Sisi tuko nyuma yao, lakini hatujasalimika.

Maana yake ni kwamba bati lililokaa miaka mingi kule bara kwa jamaa zako halitakaa miaka hiyo hapa. Unaponunua uliza mambo mawili. Kwanza geji: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la 28 ni nene kuliko yote mawili. Pili, limepakwa nini. Yaliyopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki kwa kawaida huvumilia zaidi kuliko yaliyopakwa zinki pekee. Bei yake ni ya juu siku ya kununua. Lakini piga hesabu ya fundi kurudi paani kila mara, na utaona rahisi ilikuwa ghali.

Hapo hapo tuonye kuhusu mchanga wa ufukweni. Wako wanaouchota na kuuuza kwa bei ndogo. Una chumvi. Ukipigia lipu, ukuta hutoa unga mweupe na lipu huanguka. Ukichanganyia zege, nondo hula kutu ndani kwa ndani, na siku zege inapopasuka huwa umechelewa. Mbali na hayo, kuchota mchanga ufukweni kunaipa bahari njia ya kula nchi.

KIPANDE CHA TANO: ARDHI NI YA NANI

Hiki ndicho kipande kigumu, na hatuwezi kukiruka. Pwani yetu ina jambo linalowashangaza wageni: mtu ana nyumba lakini hana ardhi. Mizizi yake ni ya zamani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wajitokeze na kuandikisha. Walioandikisha walipata hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, na wengi waliokuwa wakiishi juu yake wakabaki bila karatasi. Baadaye watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe walijenga kwenye mashamba ya wenye hati, wakawa wanalipa kodi ya kiwanja. Nyumba waweza kuiuza, kuirithisha na kuipangisha, lakini chini si pako.

Hili linageuza bei ya ukarabati kwa njia mbili. Kwanza, wenye ardhi wengi hawakutaka nyumba za mawe za kudumu, na mwenye nyumba naye aliogopa kutia pesa nyingi mahali anapoweza kuondolewa. Kwa hivyo watu walijenga kwa boriti, fito, udongo na makuti. Vitu hivi ni rahisi siku ya kwanza, lakini vinataka mkono kila baada ya misimu michache. Na si rahisi tena kama zamani. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko nayo iliguswa, na boriti za Lamu zikawa adimu.

Pili, benki hutaka hati. Asiye na hati hapati mkopo wa kurekebisha nyumba, basi hurekebisha kwa viraka, kila akipata kidogo. Na viraka, kama tulivyoona, ni ununuzi wa debe na nauli ya fundi mara kumi. Chama chenu cha kuweka na kukopa ndicho benki ya mtu huyu.

Kabla ya kutia simiti nyingi, mwenye nyumba ajue amekaa juu ya ardhi ya nani na walikubaliana nini. Kama kuna makubaliano ya mdomo tu, yaandikwe, mashahidi wawepo, na kila akilipa kodi ya kiwanja apewe risiti. Risiti hizo zitunzwe mahali pasipovuja.

HESABU YA MFANO

Tuchukue nyumba mbili zenye kazi sawa: mabati 10 mapya na ukuta mmoja wa kupigwa lipu. Nyumba ya kwanza iko kando ya barabara. Ya pili iko ndani ya kichochoro. Bei hizi tumezitunga kwa ajili ya kujifunza; kikundi kiweke bei za duka lenu siku mtakayonunua.

Mabati, mbao na misumari: zote mbili shilingi 11,000.
Simiti mifuko 3: zote mbili 2,400.
Mchanga: ya kwanza 1,500 (fungu la lori), ya pili 2,700 (kwa wilbaro).
Kubeba: ya kwanza 500, ya pili 1,100.
Fundi na msaidizi wake, 1,900 kwa siku: ya kwanza siku 2, yaani 3,800, ya pili siku 2 na nusu, yaani 4,750, kwa sababu nusu siku ilikwenda kwa kubeba.
Jumla: ya kwanza 19,200, ya pili 21,950.

Tofauti ni shilingi 2,750. Angalieni vizuri: bati halikuongeza hata senti moja. Tofauti yote ni mchanga wa rejareja, kubeba, na nusu siku ya fundi kugeuzwa hamali.

Sasa nyumba tatu za kichochoro hicho zikiungana. Mchanga wa wilbaro ungewagharimu 8,100 wote watatu. Wakinunua fungu la nyumba tatu kutoka kwenye lori kwa 4,500, na vijana wa mtaa wakalipwa 1,500 kuuingiza kwa mkokoteni, jumla ni 6,000. Wameokoa 2,100, yaani 700 kila nyumba. Na ikiwa mchanga umeshaingizwa kabla fundi hajafika, ile nusu siku ya 950 nayo inabaki nyumbani. Kila nyumba imeokoa 1,650. Huo ni mwanzo wa karo.

KIKUNDI KIFANYE NINI

1. Anzeni kabla ya masika. Mwezi wa pili na wa tatu mafundi wana nafasi na mchanga ni mkavu. Mvua ikishaanza kila paa linavuja siku moja, na bei ya fundi hupanda. Mnakumbuka mvua za El Niño za mwezi wa Novemba 2023 zilivyofurika Mombasa. Aliyeita fundi wakati huo alipanga foleni.

2. Tembeleeni nyumba zote za wanakikundi siku moja, mwandike kasoro. Anzeni na paa, kisha njia ya maji, kisha ukuta. Rangi ni ya mwisho. Kwa wanaokaa bondeni, mtaro wa kupitisha maji hutangulia lipu.

3. Nunueni pamoja, hasa mchanga, kokoto na mabati. Awepo wa kupokea mzigo na kuhesabu. Mchanga uliomwagwa kando ya barabara ufunikwe turubai na uwe na mlinzi, la sivyo nusu itakwenda na mvua na nusu na majirani.

4. Andikeni makubaliano na fundi hata kwa karatasi ya daftari: kazi gani, siku ngapi, pesa ngapi, na zitalipwa lini. Msitoe zote mwanzoni. Baki ilipwe paa likishamwagiwa maji na kuonekana halivuji.

5. Wekeni daftari la bei la kikundi. Kila mwanakikundi akirekebisha nyumba aandike alilipa nini, wapi na mwezi gani. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kitabu chenu cha bei, cha Ziwa la Ng'ombe hasa. Mali bila daftari huisha bila habari.

6. Mlipeni fundi haki yake. Yeye pia anakaa kichochoro hiki na paa lake linavuja kama lenu. Lengo letu ni kuondoa gharama isiyomnufaisha mtu yeyote. Hatutaki kumnyang'anya mtu jasho lake.

Yule mama tuliyemfikiria hawezi kuhamisha nyumba yake iende kando ya lami. Wala hawezi kuiambia bahari isitoe chumvi. Lakini mchanga anaweza kuununua na wenzake, fundi anaweza kumkusanyia kazi, na bei anaweza kuiuliza kipande kwa kipande. Wapangaji wake wawili wakibaki wakavu, karo italipwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliyerekebisha nyumba mwaka huu? Kubeba kulikuwa kiasi gani katika gharama yake yote?
2. Ni vichochoro gani ambavyo lori haliingii? Je, tunaweza kununua mkokoteni mmoja wa kikundi?
3. Ni wanakikundi wangapi wana risiti za kodi ya kiwanja? Wasio nazo tuwasaidieje?
4. Ni nyumba gani ambayo haiwezi kupita masika yajayo bila msaada wetu? Tutaanza lini?